Bei ya Maji: Daftari la Safari kati ya Kisangani na Alaska

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni kilomita zipatazo 1,700, na hakuna barabara ya kutegemewa inayounganisha miji hii miwili. Ndege ipo, ila nauli yake inamshinda mwalimu, muuguzi na mama anayeuza mchele sokoni. Kwa hiyo kusafiri majini kwa pesa kidogo ni habari ya kila siku katika mji wetu, kuanzia ufukwe wa Makiso hadi ng'ambo ya Lubunga.

Binti wa mama mdogo wangu anaishi Seattle, Marekani. Yeye na mumewe wanapanga safari ya meli ya kitalii kwenda Alaska. Mimi napanga kushuka mto. Tumekuwa tukipigiana hesabu kwa simu, yeye akiniita yaya, yaani mkubwa wake, mimi nikimwita ndogo yangu, yaani mdogo wangu, kila mtu na daftari lake mbele. Nimechanganya humu hesabu zake, hesabu zangu, na yale niliyoyaandika zamani nilipopita Kigoma, Mwanza na Zanzibar. Shabaha ni moja tu: kujua mtu mwenye pesa kidogo analipa nini hasa anapopanda chombo cha majini.

Seattle, kwa simu

Bei ya kwanza aliyonitajia ilinishangaza kwa udogo wake. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwa siku saba za mwezi wa Mei, huweza kupatikana kwa chini ya dola 1,000 kwa kila mtu mkiwa wawili chumbani, na chakula kimo. Msimu wa Alaska huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha Oktoba. Julai na Agosti bei hupanda kwa sababu shule zimefungwa. Mei na Septemba ndiyo miezi ya wenye kubana matumizi, na kati ya hiyo miwili Mei ndiyo yenye mvua chache katika visiwa vya kusini-mashariki mwa Alaska. Kuhusu chumba cha ndani nakubaliana na ndogo yangu kabisa. Milima na barafu viko nje, sitaha ni ya wote, na anayelala penye dirisha haoni mlima tofauti na anayelala pasipo dirisha.

Lakini bei hiyo si bei ya safari. Kodi na ada za bandari hupita dola 150 kwa mtu; ndani yake kuna dola 34.50 ambazo jimbo la Alaska hutoza kila abiria. Bakshishi ya wahudumu huongezwa kwenye hesabu kila siku, na katika kampuni nyingi ni kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa. Intaneti hulipiwa. Vinywaji hulipiwa. Msafiri wa peke yake hutozwa karibu bei ya watu wawili, jambo linalomuumiza mjane au kijana aliyetoka nyumbani bila mwenzi. Kisha kuna matembezi ya bandarini, ambako pesa huvuja kuliko mahali pengine popote: kupanda helikopta huko Juneau na kushuka juu ya barafu kwa saa chache hugharimu mamia ya dola. Barafu ya Mendenhall iko pembeni mwa mji huohuo, na basi la kawaida la mji humfikisha mtu karibu nayo kwa nauli ndogo, kisha anamalizia kwa miguu. Ndogo yangu amekwisha kuamua kupanda basi.

Kuna gharama nyingine ambayo Wamarekani wengi hawaioni kwa kuwa haiwahusu. Meli nyingi kubwa za kitalii zimesajiliwa nchi nyingine, Bahamas au Panama kwa mfano, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu meli za bendera ya kigeni kuchukua abiria Marekani na kuwarudisha hapohapo bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana meli itokayo Seattle hutia nanga Victoria, Kanada, mara nyingi jioni ya mwisho. Kwa Mkongomani jambo hilo maana yake ni karatasi. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani haombi viza ya Kanada, ila ni lazima abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti halali ya nchi yake. Pasipoti iliyokwisha muda ndani ya kabati huko ugenini inaweza kuvunja safari yote. Nimemsihi ndogo yangu aangalie tarehe ya pasipoti ya mumewe kabla ya kuangalia picha za nyangumi.

Na mtu wa Kisangani anayetaka kupanda meli ileile? Ada ya kuomba viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185, hairudishwi hata ukinyimwa, na mahojiano hufanyika ubalozini Kinshasa. Yaani kwetu hata safari ya Alaska inaanza kwa kushuka Mto Kongo.

Juneau haina barabara

Jambo lililonivutia kuliko meli zote za kitalii ni kwamba Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, hauna barabara inayoutoa nje. Unaingia kwa ndege au kwa maji. Kwa sababu hiyo serikali ya jimbo huendesha feri zake tangu mwaka 1963, na mfumo huo ukapewa jina la Barabara Kuu ya Baharini ya Alaska. Feri hutoka Bellingham, kaskazini mwa Seattle, na baada ya siku moja na nusu hivi hufika Ketchikan, halafu huendelea kwenye bandari kama Wrangell, Petersburg, Juneau, Haines na Skagway. Maji ni yaleyale yanayopitiwa na meli za kitalii, na milima ni ileile.

Abiria wa feri ni wavuvi, wanafunzi, familia zenye gari lililojaa vyakula vya miezi, na timu za mpira wa kikapu za shule zinazokwenda kucheza mji wa jirani. Asiye na pesa ya chumba hulala kwenye viti vya kujinyoosha, sehemu ya nyuma iliyoezekwa na yenye hita, au hupiga hema lake juu ya sitaha na kulibana kwa utepe wa gundi ili upepo usilichukue. Niliposikia habari ya mahema nilimwambia ndogo yangu kwamba hao ndio ndugu zetu.

"Yaya, hao wanasafiri kama watu wa Kisangani," alisema.

Si kweli kabisa, nikamjibu. Mwenye hema wa Alaska anaijua saa ya kuondoka miezi kabla, jina lake limeandikwa kwenye orodha, na anajua kuna jaketi la kujiokoa lenye kipimo chake. Hayo matatu hayakuongezwa bei kama starehe. Yamo ndani ya nauli ya mtu maskini kuliko wote ndani ya feri.

Hata hivyo kule nako serikali ilipoegemea upande mwingine, watu waliumia. Mwaka 2019, katika jimbo lenye mafuta, bajeti ya feri ilikatwa sana na baadhi ya miji ya pwani ikakaa miezi ya baridi bila chombo. Bei ya vyakula madukani ikapanda. Niliandika habari hiyo kwa wino mzito, kwa maana naijua: chombo cha umma kikiondoka, mwenye duka analipa, na baada yake anayelipa ni mnunuzi.

Kisangani, ufukweni

Mto wetu unakatika hapa. Juu ya mji, kati ya Ubundu na Kisangani, kuna maporomoko saba yaliyotawanyika kwenye umbali wa kilomita 100 hivi, na la mwisho ndilo la Wagenya, mahali wavuvi hukita magogo ndani ya mwamba na kuning'iniza mitego mikubwa ya matenga katikati ya maji yanayokimbia. Chombo kutoka Kinshasa hakiwezi kupita hapo. Ndiyo sababu kituo cha Stanley Falls kiliwekwa hapa mwaka 1883, na ndiyo sababu Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe na watumwa, alikubali mwaka 1887 kuwa liwali wa hapa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Kiswahili kilifika kutoka mashariki kwa miguu, Lingala ikapanda kutoka magharibi kwa mabato, na mpaka leo mtoto wa Mangobo au Kabondo huzisema zote mbili.

Wazee wetu wanakumbuka mabato makubwa ya Onatra, shirika la serikali la usafirishaji: chombo kikubwa chenye injini kikisukuma barji kadhaa zilizofungwa pamoja, chenye vyumba vya daraja la kwanza, baa, muziki, na maelfu ya watu. Lilikuwa soko linaloelea. Miaka ya 1990 huduma hiyo ilidhoofika pamoja na nchi, na vita vya 1998 vikaukata mto vipande viwili, serikali chini, waasi juu. Mji wenyewe ulipigwa mizinga Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku sita ndani ya mitaa yetu. Mto ulipofunguka tena baada ya mapatano, waliorudi kwanza kwa wingi walikuwa watu binafsi na vyombo vyao. Onatra iliwahi kubadilishwa jina kuwa SCTP, na kreni za bandari yake bado zimesimama ukingoni.

Msafiri wa leo ana njia mbili. Ya kwanza ni bato la chuma linalosukuma barji za mizigo. Ya pili ni balenieri, mashua ndefu ya mbao yenye injini, iliyojengwa na mafundi wa kando ya mto. Vyote hubeba watu juu ya mizigo. Kwenda Kinshasa vinapakia mchele, mahindi, mafuta ya mawese, makala na ndizi; vikirudi vinaleta simenti, sukari, sabuni, mabati, makayabu (samaki wa chumvi) na mitumba. Abiria hanunui chumba, ananunua nafasi: sehemu ya kutandika mkeka na kufunga turubai. Nafasi karibu na injini ina joto na kelele, nafasi ya ukingoni ina upepo na hatari kwa watoto. Anayefika mapema huchagua, na ufukweni mapema maana yake ni siku kadhaa kabla.

Hapa ndipo hesabu ya mto inapoachana na hesabu ya Alaska. Bato haliondoki tarehe fulani, linaondoka likijaa. Mwenye bato atasema kesho, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua, ila magunia yaliyoahidiwa yakichelewa, kesho husogea. Kushuka huchukua wiki moja hadi mbili mambo yakienda vizuri. Kupanda kutoka Kinshasa ni wiki mbili hadi mwezi, na zipo safari zilizozidi. Maji yakipungua, mchanga hujitokeza katikati ya mto na bato likikwama hukaa hapo hadi livutwe au maji yapande. Kwa hiyo nauli ni sehemu ndogo ya gharama. Gharama kubwa ni chakula cha siku ambazo huwezi kuzihesabu, pamoja na kazi unayoikosa nyumbani siku hizo. Mtu akiniuliza abebe kiasi gani, namwambia akadirie siku, kisha azizidishe mara mbili, na pesa ya nusu ya pili aishone ndani ya nguo.

Mambo mengine ni ya mkoba. Kadi ya uchaguzi, kwa kuwa ndiyo kitambulisho chetu, na nakala zake kadhaa kwa ajili ya vituo vya ukaguzi. Noti ndogo za franga, maana kila gati lina ada zake ndogondogo na hakuna mwenye chenji. Na kama una dola, ziwe safi, kwa sababu noti iliyochanika kidogo hukataliwa kote nchini. Chandarua. Dawa ya malaria. Jerikeni la maji yaliyochemshwa na sufuria ya kuchemshia mengine, kwa sababu kipindupindu husafiri kwa mto kama abiria. Mchele, maharage, chumvi, sukari. Usibebe samaki, samaki watakuja wenyewe.

Na kweli wanakuja. Bato likishaacha mji nyuma, pirogi hutoka vijijini, wapiga kasia wakilenga ubavu wa barji kwa ustadi ambao sijauona kwingine, wanashika kamba, na soko linafunguka: kwanga iliyofungwa majani, samaki wabichi na wa moshi, mbinzo (viwavi) wakati wa msimu wake, mihogo, mananasi. Bei hushuka kadiri mji unavyokuwa mbali, halafu hupanda tena mkikaribia Mbandaka. Mama wafanyabiashara wanaujua mpando na mshuko huo kwa kichwa. Hununua samaki wa moshi kule ambako hakuna mnunuzi mwingine, huwalipa wavuvi kwa sabuni, chumvi na dawa walizotoka nazo mjini, na huuza Kinshasa. Wengi wao, wakifika, nauli imekwisha kurudi mfukoni.

Hilo nililiandika na kulipigia mstari. Ndani ya meli ya Alaska msafiri hana kazi nyingine isipokuwa kutumia. Kila ngazi anayopanda kuna mtu anayemuuzia kitu, na yeye hana wa kumuuzia. Ndani ya bato la Kisangani msafiri asiye na pesa anaweza kushuka akiwa nazo. Mwenye akili ya soko na mtaji mdogo haipangi safari hii kama matumizi, anaipanga kama biashara yenye mandhari. Kwa vijana wanaoniomba ushauri, neno langu la kwanza ni hilo: safiri na mama anayeuza, mbebee magunia, jifunze bei zake.

Bei isiyoandikwa

Aprili 2025 balenieri iliyoitwa HB Kongolo iliungua karibu na Mbandaka. Habari zilizotolewa zilisema moto ulianzia kwa abiria aliyekuwa akipika ndani ya chombo. Waliotangazwa kufa walizidi 140, na kuwapata wote ilikuwa vigumu kwa kuwa idadi ya waliopanda haikujulikana sawasawa. Miezi sita kabla yake, Oktoba 3, 2024, chombo kilichotoka Minova kilipinduka Ziwa Kivu kikiwa kinakaribia Goma, watu wa nchi kavu wakitazama.

Mbao kavu, mapipa ya mafuta, majiko ya makala, watu waliobanana, usiku. Serikali imekataza mara kadhaa vyombo vya mbao kusafiri usiku na imeagiza abiria wavae majaketi ya kujiokoa, na kila baada ya ajali agizo hurudiwa. Mimi siwalaumu wanaopanda. Anayepeleka mgonjwa, anayekimbilia mtihani, anayefuata msiba, hupanda kilichopo. Lakini katika daftari langu nauli ya balenieri ya usiku nimeifuta. Tofauti yake na nauli ya bato la chuma ni ndogo, na kitu kinachopunguzwa pale si starehe.

Reli mbili

Huko Skagway, mwisho wa safari ya Alaska, kuna reli nyembamba iliyokamilishwa mwaka 1900 kuwavusha watu na mizigo juu ya milima kwenda Yukon, enzi ya dhahabu. Ilifungwa 1982 migodi iliposimama, ikafunguliwa tena 1988 kwa ajili ya watalii, na sasa ni miongoni mwa matembezi yanayonunuliwa sana na abiria wa meli.

Sisi tuna reli ya umri huohuo na kazi ileile. Mwaka 1906 ilifunguliwa njia ya kilomita 125 kutoka Kisangani, upande wa Lubunga, hadi Ubundu, ili kuyakwepa maporomoko. Kutoka Ubundu ulipanda bato hadi Kindu, kisha reli na maji tena hadi Kabalo, na kutoka huko treni hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, njia iliyofika mwaka 1915. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, reli ya kati ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kufika kutoka Dar es Salaam mwaka 1914. Mtu aliweza kutoka Kinshasa hadi Bahari ya Hindi akibadilisha bato na treni, akipita katikati ya nchi za Waswahili zote. Hakuna kampuni ya kitalii duniani yenye njia kama hiyo. Mwaka 1951 John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye misitu ya upande wa Ubundu kupiga sehemu ya filamu ya The African Queen, wakati riwaya yenyewe ilichotwa kwenye vita vya vyombo vya Ziwa Tanganyika. Leo treni ya Ubundu hupita kwa nadra, na watu wa njia hiyo husukuma baiskeli. Kila nikisoma kuhusu Skagway naumia kwa ajili ya Ubundu.

Kigoma, Mwanza, Zanzibar

Nilipofika Kigoma nilikwenda kuitazama MV Liemba kabla ya kutafuta pa kulala. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli na treni, ikaundwa upya na kuingia majini 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924, na kuanzia 1927 ikatembea kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa jina tunalolijua. Vijiji vingi vya ufukweni havina gati, hivyo mitumbwi huja kupokea abiria na magunia, kama huku kwetu. Ila tiketi ilikuwa na daraja na tarehe. Iliposimamisha safari kwa matengenezo mwaka 2018, watu wa ufukwe ule walirudi kwenye mashua za mbao, na hapo hesabu yao ikawa kama yetu.

Mwanza hadi Bukoba ndiyo safari ya usiku ninayomshauri mtu yeyote mwenye pesa ndogo Afrika Mashariki. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurejeshwa majini 2020 baada ya ukarabati, hubeba abiria 1,200. Unalala taa za Mwanza zikizama nyuma na kuamka Kagera. Wanaosimamia pale huhesabu vichwa kwa makini, na kila mtu anajua kwa nini: Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa.

Zanzibar nilipanda boti ya mwendo kasi, saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam. Mgeni alilipa kwa dola na mwenyeji kwa shilingi, bei mbali kabisa. Mwenye pasipoti ya nchi jirani aulize dirishani kabla ya kulipa. Pale ndipo nilipokutana na Seattle bila kutarajia. Julai 18, 2012, feri ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Chombo hicho kilijengwa 1989 kwa ajili ya jimbo la Washington, na kwa miaka kilibeba watu wanaokwenda kazini kati ya Seattle na kisiwa cha Vashon, kwenye maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Kilipostaafishwa kiliuzwa, kikaletwa kwenye bahari ya kusi. Siku ilipozama ilikuwa na watu wengi kuliko iliojengewa, na upepo ulikuwa mkali.

Nilimsomea ndogo yangu maandishi hayo kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema atakwenda gati la Vashon mwenyewe. Chombo kilekile, kikiwa na ratiba, idadi na maji yanayokifaa, kiliwafikisha watu nyumbani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Nilivyoamua

Mwisho wa mwaka maji ya mto hujaa na michanga huzama. Wakati huo nitashuka Kinshasa kwa bato la chuma, na mtaji wa sabuni na chumvi, pamoja na mama mmoja wa Lubunga anayeijua njia kuliko manahodha wengi.

Kabla ya hapo nitafanya safari ambayo kwa bei yake naiona bora kuliko zote nilizoandika humu: Kisangani hadi Yangambi, kilomita zipatazo 100 kushuka mto, mchana, kwa pirogi ya injini. Yangambi ndiko Wabelgiji walikoweka makao ya utafiti wa kilimo mwaka 1933. Nyumba za matofali bado ziko juu ya kilima zikiutazama mto, jengo la mimea iliyokaushwa lina makumi ya maelfu ya vielelezo, na mwaka 2020 uliinuliwa hapo mnara unaopima kaboni inayovutwa na kutolewa na msitu. Mbele kidogo ni Isangi, ambako Lomami inaingia Kongo, na rangi mbili za maji hukimbia bega kwa bega. Wanaolipa maelfu ya dola kutazama barafu ya Glacier Bay, ambayo tangu karne ya 18 imerudi nyuma karibu kilomita 100, wanakwenda kuona dunia ikibadilika. Msitu wa Yangambi unaonyesha jambo hilohilo, na nauli yake hata mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani anaimudu kwa akiba ya muda mfupi.

Ndogo yangu atapanda meli yake Mei, chumba cha ndani, na basi la Mendenhall. Nimemwomba mwaka unaofuata wajaribu feri na hema.

Kwenu wenye mabato na wenye mamlaka ya mto, ombi langu halihitaji mkopo wa benki wala wataalamu wa kigeni. Bandikeni ukutani pa bandari tarehe ya kuondoka, na muiheshimu. Andikeni jina la kila abiria kabla kamba haijafunguliwa, nakala moja ibaki nchi kavu. Majiko yakae mbali na mapipa ya mafuta. Na wewe msomaji utakayeshuka mto msimu huu, uliza jaketi la kujiokoa kabla ya kuuliza bei. Wakikuambia hakuna, subiri bato linalofuata.